Nywele za Shuwari

Mara tu Faki kinyozi alipowasha mashine, farasi wa Mwanakheri aliipiga ndoo teke. Shingoni, chini ya manyoya marefu, palikuwa na kidonda kinachotoa usaha, na daktari wa mifugo alikuwa amesema hatatia dawa mpaka panyolewe.

"Tumfunge miguu," alisema Faki.

"Ukimfunga Shuwari atajiumiza. Ninyoe mimi kwanza, aone hainiumi."

"Na nywele zote hizi, dada?"

Mwanakheri alivua kitambaa, akaketi kwenye kigoda mbele ya farasi. Mashine ikanguruma kichwani mwake. Shuwari alirudi nyuma akitetemeka, huku Mwanakheri akimsimulia habari za sokoni kama kila asubuhi. Mwishowe alinyoosha shingo, akaunusa utosi mtupu. Faki hakuzima mashine. Aliihamisha polepole kutoka kichwani kwa mwanamke hadi shingoni kwa farasi, na Shuwari akashusha pumzi ndefu.

Kidonda kilipoonekana chote, kilikuwa kidogo kuliko walivyohofia. Mwanakheri alicheka huku akifuta machozi. Chini, nywele nyeusi za Mwanakheri na za kahawia za Shuwari zilikuwa zimechanganyika, na Faki alisimama na ufagio mkononi, asifagie.