Mwisho wa Hadithi ya Blessing

Blessing alikwaruza kidole gumba kwa ukucha, akakinusa. Akachezesha vidole hewani: mvua. Akashusha viganja vyote viwili: udongo ukafunika. Hapo akaacha, akarudi kukaa.

"Ndiyo imeisha?" aliuliza Mwalimu Evance.

"Huwa anaishia hapohapo," alisema Mwalimu Asteria.

Walikuwa wakipanga siku ya hadithi ya kitengo cha elimu maalumu, pale Same mjini. Kila mwanafunzi angesimulia hadithi yake mbele ya wazazi, kwa picha, kwa sauti au kwa mikono. Blessing, kiziwi wa miaka tisa, aliletwa Januari na bibi yake kutoka Mamba, kule milimani kunakolimwa tangawizi, na alikuwa bado anajifunza lugha ya alama. Hadithi hii ndiyo kitu cha kwanza alichowahi kumwambia mtu yeyote shuleni.

"Tangawizi, mvua, udongo," Evance alicheka. "Watoto wa Mamba bwana! Huyu hata akiota ndoto, anaota tangawizi. Ila haina mwisho, Asteria. Wazazi watapiga makofi saa ngapi? Mwache mwakani."

"Mwakani atakuwa amenyamaza tena. Nitamtafutia mwisho."

Kesho yake Asteria alimwita Blessing, akairudia hadithi yote kwa mikono, kisha akaongeza: maji yanamwagwa, siku zinapita, na kutoka chini ya kiganja kidole kinachomoza, polepole, kikielekea juani.

Mtoto alikishika kile kidole. Akauliza kwa macho, kwa mabega, kwa mwili mzima: kweli?

Asteria akatikisa kichwa kukubali. Ili asimwache na shaka, alifukia kipande cha tangawizi kwenye kopo, akaliweka dirishani. Blessing alilimwagilia kila asubuhi kabla ya uji. Siku chipukizi la kijani lilipopasua udongo, alipiga kelele hadi wapishi wakatoka jikoni. Kisha akalia, akamkumbatia mwalimu kiunoni, akakataa kumwachia.

"Umeshinda," alisema Evance. "Huyo ndiye atakayefunga sherehe."

Shule ilifungwa kabla ya sherehe. Blessing akapanda kwao.

Likizo ilipokwisha, Bibi Hedwiga alimrudisha, viatu vyake vikiwa na tope jekundu la mlimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto wako huyu amenishinda. Likizo nzima anamaliza maji ndani. Ya kupikia, ya kunywa, yote anabeba. Nikimnyang'anya kidumu, ananing'ata."

Asteria alitabasamu. Blessing alimvuta mkono. Alikuwa amekonda. Akakwaruza kidole gumba, akanusa, akaonyesha maji, kisha akatikisa kichwa: bado.

"Anasema tangawizi yake bado haijaota," Asteria alimtafsiria bibi. "Huenda amefukia chini mno. Kaipanda wapi?"

"Tangawizi gani?"

"Hii." Asteria akakwaruza kidole chake, akakinusa.

Bibi Hedwiga aliutazama ule mkono.

"Hivyo ndivyo anavyomwita mama yake," alisema. "Tangu akiwa mdogo, kwa harufu ya mikono yake. Mwalimu, mtoto huyu kila asubuhi anamwagilia kaburi, halafu anachuchumaa pale, anangoja."