Printa Isiyokuwepo

Programu ikajifunga tena. Kadi ya mwaliko ikapotea kwenye kioo, kikabaki kitupu.

"Umeona, fundi?" mke akasema. "Naandika vizuri, nasoma vizuri. Nikibonyeza tu kuprinti, inaganda, halafu inajifunga yenyewe. Nimejaribu programu zote, ni yale yale."

Fundi akatikisa kichwa, mikono bado iko mapajani. Hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mume, aliyesimama karibu na mlango, begi la safari miguuni. Kila mwisho wa juma alikuwa na safari ya kikazi, na leo alitakiwa awe barabarani tangu asubuhi. Lakini kompyuta ndiyo aliyokuwa akisafiri nayo, mkewe alitaka kadi zitoke kwanza, na mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa gauni la mkewe.

"Vibaka wamezidi," ndivyo alivyosema alipoufunga.

"Hiyo kompyuta imezeeka," mume akasema. "Tununue nyingine, yaishe."

"Ya mwaka jana hiyo, baba watoto. Imezeeka lini?"

Fundi akacheka kidogo. "Si uzee. Programu ikiambiwa iprinti, kwanza inaitafuta printa iliyoizoea. Hii yenu ya mezani nimeijaribu, ni nzima. Inaelekea kompyuta imezoea printa nyingine, ambayo humu ndani haipo. Inaitafuta, haiioni, inachanganyikiwa. Nikifungua orodha ya printa nitaijua ni ipi."

Mume akaikodolea macho kompyuta. Loo! Kumbe hili dubwana lina kumbukumbu? Yeye alichojua ni kuwasha, kuandika na kuzima. Na hiyo printa nyingine aliifahamu sana. Ilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye mapazia ya kijani, ambako kila mwisho wa juma alivua viatu mlangoni na kupokelewa kama mchumba. Aliikuta tu mezani siku moja, imeshafungwa, na binti mwenye nyumba hiyo akamuunganishia kwenye kompyuta yake huku anacheka. Hata jina akaipa: Kiota Chetu. Siri yote aliyoilinda kwa uongo wa kila aina, leo imebakiza kidole cha fundi tu iwe hadharani, na ndoa yake kwisha.

Aondoke? Mlango umefungwa. Aombe ufunguo? Akitoka, nani atabaki kumziba fundi mdomo? Mwanamume akakwama, hana mbele hana nyuma.

"Huyu fundi umempata wapi?" akauliza, ili mradi apate cha kusema.

"Nimeelekezwa na rafiki yangu mpya. Anamsifu huyo!" Mke akainuka. "Ngoja niwaletee chai."

"Isichukue muda, mama," fundi akasema. "Nimemwacha mtu kwenye gari."

Mke alipoingia jikoni tu, mume akachuchumaa kando ya kiti cha fundi. Orodha ilikuwa imeshafunguka. Kiota Chetu ndiyo ya kwanza, imewekewa na alama ya vema. Alitamani ardhi ipasuke.

"Fundi," akanong'ona, "hiyo ifute. Nakuomba sana."

"Hii Kiota Chetu?"

"Wee! Punguza sauti!"

"Ni ya nani kwani?"

"Kuna binti mmoja huko namzuga tu. Si unajua mambo yetu wanaume? Ni kupoteza muda, bwana. Nyumbani kwangu ni hapa."

Fundi akamtazama. "Na yeye anajua kwamba ni kupoteza muda?"

"Ajulie wapi? Anasubiri pete!" Mume akachekacheka, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Futa, ndugu yangu. Futa kabla hajatoka jikoni."

Fundi akauma meno, akabonyeza. Kiota Chetu ikatoweka kwenye orodha. Akachagua printa ya mezani, akaifungua kadi upya, akabonyeza kuprinti. Programu ikatulia kidogo, mume akaacha hata kupumua, kisha printa ikakohoa na kuanza kuvuta karatasi.

Mke akaingia na sinia lenye vikombe vinne, akaliweka mezani.

"Ilikuwa nini?"

"Printa ya kule kwingine, mama. Mzee ameniambia niifute. Anasema haina maana kwake."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Mume akashusha pumzi. Ampe nini fundi huyu? Kamsitiri bila hata kubabaika! Furaha ikamrudishia na utani. "Si nilikwambia ni kitu kidogo, mama watoto? Unamsumbua fundi wa watu bure." Akalinyanyua begi. "Haya, nifungulie niwahi."

Mke akaichukua kadi, bado ina joto: picha yao wakikata keki, na chini yake maneno ya kuwakaribisha ndugu na jamaa kusherehekea miaka kumi na mitano ya ndoa. Akaisoma yote, akaiweka kifudifudi chini ya sinia. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi fundi.

"Kamlete dada yako ndani, asiendelee kusubiri pete juani," akasema, akimimina kikombe cha nne. "Na ukitoka, funga nyuma yako. Huyu shemeji yako ana safari za ghafla."