Pua ya Mama Kapya

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Mama Kapya yeye aliukalia. Corona ya kwanza ilimlaza wiki tatu kwa homa na kikohozi, hadi padri akaitwa. Ilipomrudia Novemba, alijifunga kitambaa kichwani akaenda kuuza bowa, uyoga wake wa porini, kando ya barabara ya Kasumbalesa.

Mara ya pili ilikuwa nyepesi. Siku tatu za kuumwa kichwa, basi. Majirani wa mtaa wa Makomeno walimtania kwamba alifeli ile ya kwanza, ndiyo maana anarudia darasa. Alicheka nao. Hakuwaambia kwamba siku ya nne alifunua sufuria ya samaki wakavu asisikie harufu yoyote.

Machi ilimkuta ameketi mkekani, katikati ya ua wa mkwe wake Jeannot, mume wa binti yake, na Jeannot yuko kaburini. Alikuwa amekula uyoga wa Mama Kapya Jumapili, peke yake kama alivyopenda, mkewe akimhudumia. Jumatano akafa.

Kila muuza uyoga anajua kwamba kuna ule mbaya unaofanana na mzuri kama pacha. Mama Kapya hakuwahi kuutenganisha kwa macho. Aliunusa. Kwa miaka thelathini pua yake haikukosea.

Kikao cha familia kiliongozwa na Chanda, kaka mkubwa wa marehemu. Masharti alikwisha kuyataja: mbuzi mmoja, na Mama Kapya apige magoti aombe msamaha mbele ya wote. Akikubali, ni ajali. Akikataa, ni mulozi, mchawi. Langoni palikuwa na bidoni ya petroli tangu asubuhi, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Muuguzi Brigitte alikuja kumtetea. Alieleza kwamba anayeshikwa mara ya pili mara nyingi haugui sana, lakini ugonjwa unaweza kumwachia jambo ambalo ule wa kwanza haukuliacha. Wengine huachiwa uchovu, wengine usahaulifu. Mama Kapya alipoteza pua. Brigitte mwenyewe alimpima Desemba, kwa kitunguu saumu, kisha kwa mafuta ya taa. Mama hakukunja hata uso.

Chanda alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mzee aliyeketi mkekani.

"Miezi ine, Mama. Miezi ine uliuzisha bowa bila pua. Kutoka Kasumbalesa mupaka Bel-Air, hakuna hata muntu moja alilala mugonjwa. Ni ndugu yangu peke yake. Ile ugonjwa yako iko inachagula bantu?"

Watu walinong'ona. Mama Kapya alikuwa akichomoa ukindu wa mkeka, mmoja mmoja.

"Ni bahati, Papa Chanda," alisema Brigitte. "Na bahati iko inaisha."

Lydie, mjane, aliegemea ukuta wa jiko, kichwa kimenyolewa, mkono wa kushoto uliovunjika umefungwa plasta. Alianguka bombani Januari, ndivyo Jeannot alivyoeleza hospitalini. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka kwenye bomba lilelile. Tangu mazishi hakuwa ametamka neno, na wanawake walimwonea huruma: mume amekufa, na aliyemuua ni mama yake mzazi.

Chanda alisimama. Alisema familia imengoja vya kutosha. Langoni, mtu mmoja aliinua bidoni.

Mama Kapya aliweka goti moja chini. La pili lilimsumbua, akashika udongo kwa kiganja ili alishushe.

"Pardon, batoto yangu," alianza. "Ni hii pua..."

"Mama, simama."

Lydie alikuwa ameshafika katikati ya ua. Hakupaza sauti. Alimwinua mama yake kwa mkono mmoja ule mzima, kisha akamtazama shemeji yake.

"Tangu ile corona ya pili, Mama alikuwa ananiletea ndoo kila asubuhi. Bowa yote ilipita kwa pua yangu kwanza, hata ile ya Jumapili. Na pua yangu iko muzima, Papa Chanda. Siombi pardon."