Bomba Lililopasuliwa

Fundi alilipasua lile bomba la shaba kwa urefu, akamkabidhi binti mtafiti nusu yake. Kwa miaka mitatu binti huyo alikuwa amelilaza maabarani, akipitisha humo gesi ya friji iliyoshindiliwa hadi isijulikane kama ni gesi au kimiminika, na kupima jinsi mifereji iliyochongwa ndani ya bomba inavyoharakisha kupoa kwake.

Sasa alipitisha kidole ndani. Palikuwa laini kama kioo, bila mfereji hata mmoja.

Akampelekea msimamizi wake nusu hiyo. Mzee hakushtuka.

"Kiwandani walituletea bomba la kawaida," alisema. "Nililijua hilo mwaka wa kwanza."

"Na vipimo vyangu, Profesa?"

"Nilikuwa navirekebisha kila ukinikabidhi, mwanangu, vifanane na vya bomba lenye mifereji. Kesho unavishwa joho. Kanawe mikono, imejaa vumbi la shaba."

Binti akaenda kunawa.