Beki Asiye na Woga

Sikudhani, mke wa Haule, hakumpa meneja wa timu ya mumewe hata maji ya kunywa.

"Shemeji, mikataba ya mabeki imekwisha. Wengine tunawaacha, mumeo tunamwongezea. Tangu madaktari wetu wamtoe woga kichwani, hakuna mshambuliaji anayempita."

"Na mwanangu je?" Sikudhani aliwaka. "Alitambaa hadi kwenye jiko la mkaa, baba yake akamtazama tu kama anayetazama runinga!" Akaunyanyua mkono wa mtoto uliofungwa bandeji. "Mrudishieni woga wake!"

"Woga ukirudi tutamwacha. Beki mwoga wa nini?"

"Basi mwacheni!"

Meneja akamgeukia Haule, aliyekuwa akila ugali wake kwa utulivu. Haule alijifuta kidole gumba, akakibonyeza kwenye simu ya meneja. Mkataba ukapita.

Sikudhani alivuta kanga. Akambeba mtoto mgongoni, akaikaza kanga.

"Nakwenda kwetu, Haule. Safari hii hunioni tena, wala huyu mtoto humwoni. Umenisikia?"

Alisimama mlangoni akimkazia macho, akingoja uso ule ubadilike japo kidogo.

"Haya," alisema Haule, akamega tonge jingine.