Sontaku ya Hisae

Bahasha nyeupe ilikuwa juu ya meza ya mkurugenzi, na kiwanda kizima cha miavuli pale Gifu, Japani, kilijua bahasha ya namna ile hubeba nini: barua ya kuacha kazi.

Hisae alisimama kando na trei ya chai. Nyumbani mama yake mgonjwa alimtegemea yeye tu.

Bwana Nezu, mkuu wake wa idara, alikuwa ameitwa pia. Alikaa kwa raha zake. Ndiye aliyemwambia Hisae mwanzo wa mwezi, mbele za watu:

"Dada, sontaku unaijua? Ni kujua mkubwa wako anataka nini kabla hajafungua mdomo. Siyo kuniuliza-uliza kama mtoto wa chekechea! Mwezi ukiisha hujaijua, barua ya kuacha kazi utaileta mwenyewe."

"Nitajitahidi, mkuu."

"Usijitahidi. Ijue!" Akamtupia muhuri wake, kile kijiti chenye jina ambacho kwao ndiyo sahihi. "Karatasi zangu zote gonga wewe. Ukiniuliza, umefeli."

Tangu hapo Hisae hakuuliza. Bwana Nezu akikohoa, dirisha limefungwa. Akijipepea, feni imewashwa. Akilalamika, "Aa, mgongo huu! Na mjukuu wangu kule Niigata anakua bila mimi," Hisae aliandika kidaftarini. Siku moja alimpelekea mkurugenzi chai, akamkuta mzee anakitazama kiti cha Bwana Nezu kupitia ukuta wa kioo wa ofisi yake, anashusha pumzi ndefu. Hilo nalo akaliandika.

Sasa mwezi ulikuwa umekwisha.

"Pole, dada," Bwana Nezu alinong'ona, akichekea puani. "Wengine hawafundishiki."

Hisae aliinamisha macho. Nje ya kioo, mashine za chapa zilinyamaza. Watu walikuwa wanachungulia.

Mkurugenzi alifungua bahasha. Akasoma polepole, akarudia mstari wa mwisho. Akavua miwani, akasimama, akainama kwa heshima mpaka kipara kikaonekana chote.

"Miaka thelathini na mmoja, Bwana Nezu!" alisema. "Kapumzishe huo mgongo, ukamlee mjukuu. Barua nzuri mno. Na muhuri wako umekaa wima kabisa."

Bwana Nezu alimgeukia Hisae, mdomo wazi.

"Sikuuliza, mkuu," Hisae alisema, akammiminia chai.