Hakuna Zambarau Kambini

Kwa maneno ya Bi Earlene, jirani wa ng'ambo ya barabara, Marlee alinaswa alfajiri ile akitoka kwenye kibanda cha wavulana. Viatu mkononi, nywele timtim, ananyata kama paka aliyetoka kudokoa samaki. Bi Earlene mwenyewe hakuona. Aliyeona ni dada yake, mpishi wa kambi ya vijana wa kanisa, aliyekuwa ametoka nje kumwaga mafuta ya bekoni, naye hakuchelewa kupiga simu.

"Mimi sisemi, mwanangu, nasimulia tu," alimwambia Jolynn, mama yake Marlee, kiwiko kimeegemea uzio. "Lakini lisemwalo lipo."

"Mwambie dada yako akaange nyama yake, awaachie watu watoto wao," Jolynn alimjibu. Akaacha maharage aliyokuwa akiyachambua, akapanda pikapu.

Njiani alikuwa na hasira na Bi Earlene, na huyo dada yake, na kila mwenye mdomo. Marlee wake! Msichana wa miaka kumi na saba, mwalimu wa watoto wadogo kila Jumapili. Chuo cha kanisa kilikuwa kimekubali kumsomesha bure, ikabaki barua moja tu ya Ndugu Rusty, kiongozi wa vijana, ya kuthibitisha mwenendo wake. Katika ukoo wa Jolynn hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa imeota sugu katika kiwanda cha kuku.

Alipofika, vijana walikuwa wanarundika tyubu zao za kuelea majini kwenye trela, mabega mekundu kwa jua la siku tatu mtoni. Walipoiona pikapu, kelele zikakatika.

"Zambarau," mmoja akanong'ona, na wenzake wakachekea viganjani.

Ilikuwa kanuni ya kambi, imebandikwa kila mlango: wavulana ni bluu, wasichana ni nyekundu, na hapa rangi hazichanganywi zikawa zambarau. Denny, mdogo wake Marlee, alikuwa miongoni mwao, ameshika kamba ya tyubu. Hakuja kumsalimu mama yake. Tangu mwanzo hakutaka safari hii. Vernon, baba yao, ndiye aliyemsukumiza ndani ya basi, akisema kijana wa miaka kumi na miwili lazima ajifunze uanaume.

Ndugu Rusty alikuja na Biblia kwapani.

"Dada Jolynn, sikutaka ifike hapa."

"Umemwona na mvulana?"

"Ameonekana akitoka mlangoni mwao."

"Nimekuuliza, umemwona na mvulana?"

"Hataki kumtaja. Nimemwambia ataje jina, Jumapili asimame aombe radhi mbele ya kanisa, na barua Jumatatu iende posta. Tangu asubuhi amenyamaza."

Marlee alikuwa ameketi kwenye ngazi za jiko, mikono ya shati lake imelowa hadi viwikoni. Jolynn alisimama mbele yake.

"Sema ni uongo, tuondoke."

"Mle ndani nilikuwemo, Mama. Ila si kama wanavyosema."

"Basi ni kama nini?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

"Ni yule Tanner wa shemasi?"

"Tanner?" Marlee nusura acheke. "Mama, Tanner miguu yake inanuka hadi mtoni."

Hapo ndipo hasira ya Jolynn ilipogeuka njia. Aliyoibeba kwa saa moja na nusu kwa ajili ya mwanawe, sasa ikamwagikia mwanawe.

"Unanifanyia mzaha? Watu wote hawa wananicheka! Uliingia mle mara ngapi?"

Marlee aliinamisha kichwa. "Kila siku."

"Kila siku!"

Pale kwenye trela kijana mmoja alipiga mluzi. Jolynn alisikia masikio yakimwaka moto. Alitaka mtoto akane, alie, amdanganye hata kidogo, apate cha kushika. Marlee alikaa tu, macho makavu.

"Ningejua, ningekutia kiwanda cha kuku tangu mwaka jana," Jolynn alisema. "Ndugu Rusty! Hiyo barua ichane."

"Dada, tulia kwanza. Tuombe."

"Usiniombee. Ichane. Mimi mama yake nimesema."

Ndugu Rusty alitoa bahasha ndani ya Biblia. Hakuichana mara moja. Alimtazama Marlee, akamwachia nafasi.

"Jina moja tu, binti yangu."

Marlee alitazama kule kwenye trela, kisha akatazama chini. Akatikisa kichwa.

Bahasha ikachanwa mara mbili.

"Kachukue vitu vyako," Jolynn alimwambia. "Na njia nzima usinisemeshe."

Marlee aliinuka akaenda. Jolynn alirudi kwenye pikapu, akapigapiga mifuko akitafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake. Aliposikia kitu kikiburutwa kwenye kokoto, aligeuka kwa ukali, akidhani ni Marlee.

Alikuwa Denny. Alikuwa anaburuta mfuko mweusi wa taka uliofungwa mafundo mawili. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akasogea hadi akamgusa mama yake.

"Mama," alinong'ona, "nakuomba unifulie mfuko wangu wa kulalia kabla Baba hajarudi kutoka kazini. Dada amenifulia kila alfajiri wenzangu wakiwa wamelala, ila leo hakuwahi kuutoa mkojo wote."